Majirani walibeba msiba wetu, tuwashukuru vipi?

BintiTandika: Wakuu, heshima kwenu. Mama alitangulia mbele za haki, na mtaa hapa Tandika ulibeba kila kitu: turubai, maji, jiko, kulaza wageni. Arobaini imeshapita. Tunataka kuwashukuru, watu kama 100, bajeti laki nne. Dada anataka bahasha, mimi naona chakula. Wapo Waislamu na Wakristo. Tufanyeje isionekane tunalipa, na asisahaulike mtu? Nawasilisha.

MjumbeMstaafu: Pole sana binti. Bahasha achaneni nazo. Aliyechimba kaburi ukimpa elfu kumi umemfanya kibarua, na msiba ujao ataulizia bei.

Daftari la rambirambi lisiwadanganye, lina waliotoa pesa tu. Kaeni na mama aliyeshika jiko na kijana aliyesimamia kaburi wawatajie waliotoa nguvu. Wanaosahaulika kila mara ni waliolaza wageni, aliyetoa umeme wa taa za nje, na mwenye ukuta uliofungiwa kamba za turubai.

Kabla ya kualika mtu, rudisheni vyombo. Sufuria huwa na herufi ya rangi kitakoni, vifuniko havina, ndiyo maana vinapotea. Kilichopotea kinunuliwe kwanza. Mtu hawezi kula pilau yenu kwa raha huku sinia lake halijulikani liliko.

JikoLaShughuli: Kwa watu 100: mchele kilo 15, nyama kilo 12, viazi kilo 6, vitunguu maji kilo 4, mafuta lita 3, saumu nusu kilo, tangawizi robo. Viungo ni bizari nzima, mdalasini, iliki, pilipili manga na karafuu kidogo. Karafuu ikizidi pilau inakuwa chungu.

Usipike kilo 15 kwenye sufuria moja. Uzito wa juu unakandamiza wa chini, chini inakuwa bokoboko na juu mbichi. Gawa mara mbili, kilo saba na nusu kila moja. Supu weka kama lita 12 kwa sufuria, na kama mchele ni mpya punguza lita moja hivi. Maji yakikauka toa kuni zote, bakiza makaa machache chini, mengi yapalie juu ya mfuniko, acha nusu saa bila kufunuafunua.

Kachumbari: vitunguu vioshwe kwa chumvi na kukamuliwa mapema, lakini nyanya na ndimu zichanganywe watu wakishakaa. Ukiwahi inakuwa mchuzi.

Ukhty_K: Jumapili saa kumi na nusu, baada ya alasiri. Kanisani wameshatoka na harusi za Jumamosi zimepita. Nyama iwe ya kuchinjwa kwa halali, hapo wote mtakula sinia moja.

Wazee wafuateni majumbani kwa miguu, siku tatu kabla. Ujumbe wa kundi la simu ni wa kukumbusha tu. Siku yenyewe dua fupi, msemaji mmoja wa familia, dakika tano. Asitaje nani alichangia kiasi gani, hata kwa kusifia. Na jirani asiguse mwiko, wafiwa ndio mnaotumikia. (Wale mama wa jikoni watakuja tu mapema. Wapeni kazi ya kuonja chumvi.)

Kibaraza: Napingana kidogo. Pilau inaisha jioni ileile. Mkibakiwa na chochote, nunueni jamvi au sufuria kubwa yenye mfuniko mkabidhi kamati ya mtaa, bila kuandika jina la marehemu ubavuni. Likiandikwa, watu wanaona haya kuazima.

BintiTandika: Asanteni sana. Dada amekubali, bahasha tumeachana nazo. Wagonjwa na wazee wasioweza kutembea je?

JikoLaShughuli: Pakua yao ya kwanza, kabla ya sinia la kwanza kutoka. Wakisubirishwa hadi mwisho wanapata ukoko na viazi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, hivyo azima hotipoti au tumia bakuli zenu, mtoto wa nyumbani apeleke akiwa na mtu mzima. Kachumbari ikae pembeni, joto la pilau linailainisha.

MjumbeMstaafu: Huyo mtu mzima awe wewe au dada yako, msitume mtu baki. Mkifika kaeni kidogo, msikabidhi mlangoni.