Wakuu, nimesoma sana malezi ya kichanga, bado sina amani

Baba Mtarajiwa: Habari za majukumu. Mimba ya waifu ina miezi minane, ni mtoto wetu wa kwanza. Tangu kipimo kitoe mistari miwili nasoma: mtoto alazwe chali, kitovu kisipakwe kitu, hadi mtoto wa miaka miwili akigoma kula ufanyeje. Nisome nini kingine? Usingizi sipati.

Mama Pacha: Soma kadi ya kliniki ya mkeo. Huwa unaenda naye?

Mzee wa Kahawa: Sisi wa kwanza tulimpata 1994, Kigoma. Kitabu tulikitoa wapi? Nepi nafua mwenyewe usiku majirani wasinione. Siku hizi anafundisha sekondari.

Baba Mtarajiwa: Kliniki nilienda siku moja, kazi inabana.

Mama Pacha: Nani anakuja kumwangalia mzazi?

Baba Mtarajiwa: Hapo ndipo penyewe. Mama mkwe alikuwa aje kutoka Moshi. Mjukuu wake wa kwanza alimpa maji ya sukari akiwa hana hata wiki. Mimi nimesoma miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Nikampigia asije. Tiketi alishakata.

Mama Pacha: Mkeo anajua?

Baba Mtarajiwa: Nitamwambia akishajifungua, asipate presha. Namlinda mwanangu jamani.

Nesi wa Zamu: Kwenye maji uko sahihi. Ila mtori atapika nani? Likizo ya baba kisheria ni siku 3. Mwache mama aje, mwende naye kliniki nesi amweleze. Akisikia kwa mkwe ataona dharau. Na kichanga akiwa wa moto, akiacha kunyonya, au kitovu kikitoa usaha, kimbia hospitali, usifungue kitabu.

Chura wa Masika: Hii chai. Mwezi juzi huyu alianzisha uzi anatafuta chumba cha bachela Sinza. Mimba imepitia dirishani?

Baba Mtarajiwa: Chumba kilikuwa cha mdogo wangu!

Chura wa Masika: Mdogo wako ana bahati, hana mkwe.

Mzee wa Kahawa: Chai au si chai, mimi mtori nautaka.

Mama Pacha: Basi la mama ni la lini?

Baba Mtarajiwa: Kesho alfajiri. Kasema nauli hairudishwi, kwa hiyo anakuja.