Eti mguu wangu ndio mzito! Fundi amefunga breki mpya, gari linajishika, kisha ananitukana mbele za watu

Wakuu, nimerudi kutoka gereji muda huu na bado natetemeka kwa hasira. Fundi sitamtaja, kwa kuwa kila mwenye gari upande wetu wa mji anamjua, na nusu yenu mmeshamwachia fedha zenu. Nilimpa kazi ya kubadilisha diski za mbele na pedi zake. Tangu alipomaliza, gari linakwenda kama linakokota nanga, na nikikanyaga breki kwenye mwendo wa 80 pedali inaupigapiga mguu huku usukani ukicheza mikononi. Rimu ya kulia naishika kwa kiganja, lakini ya kushoto ukiidondoshea maji yanachemka.

Leo nimemrudishia. Hakuinua gari, hakufungua hata nati moja. Alisimama na kijiti mdomoni, akaniambia mbele ya wateja na vijana wake: "Mama, breki ni mpya, mguu wako ndio mzito." Wakacheka wote.

Mguu wangu! Mguu huu huu umeshuka mlima Kitonga na gari limejaa mizigo, na rimu hazikuwahi kunuka. Pedali ni moja na pampu ni moja; mguu mzito unawezaje kuunguza upande wa kushoto na kuuacha wa kulia? Nilipofika nyumbani nimelipiga jeki, gia ikiwa huru, nikazungusha tairi kwa mkono: la kushoto linakwaruza na kusimama papo hapo. Pale hapakuwa na mguu wa mtu yeyote. Mguu mzito, mbele za watu!

Grisi Nyeusi: Pole sana dada. Hayo ni matatizo mawili. Kuhusu kujishika, legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ya kushoto: tairi likiachia mara mafuta ya breki yanaporuka, bomba la mpira la mafuta hayo limeziba ndani na linayazuia kurudi; lisipoachia, kagua pini za kalipa na pistoni, kwa maana pini zikikauka, au zikipakwa grisi ya kawaida inayovimbisha mipira yake, kalipa haitelezi tena na pedi inabaki imelalia diski. Kuhusu pedali kupiga, nina hakika diski mpya ilifungwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu. Diski ikiyumba hata kwa milimita 0.1 tu, inalika bila usawa mpaka unene wake unatofautiana, na hapo ndipo mguu unapoanza kusukumwa.

Mzee wa Jeki: Kwenye orodha hiyo ya kuyumbisha diski, tia na nati za rimu zilizokazwa vibaya. Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu ya kukaza ya nyutonimita 103, na nati zikazwe kwa kupishana, lakini yule bwana hukaza zote kwa bunduki ya upepo mpaka zilie.

Kipanga wa Ilala: Mama, sote tunamjua, na ulimpelekea gari kwa hiari yako. Uzi mzima umejaa mguu, mguu, mguu. Peleka gari kwingine.

Mwenye uzi: Nitausema mguu mpaka kesho, kwa sababu aliyeutaja ni yeye, tena kwa sauti, badala ya kuinama akague kazi yake!

Abiria wa Mbele: Huyo angalau alikufungia diski. Mimi fundi wangu alizikereza za zamani (alizikwangua kwa mashine) bila kupima, zikawa nyembamba kuliko kiwango kilichopigwa mhuri kwenye diski yenyewe, kisha akanitoza bei ya diski mpya.

Grisi Nyeusi: Hilo ni kosa kubwa, mkuu. Diski nyembamba haihimili joto.

Kipanga wa Ilala: Kukereza ni afadhali kuliko pedi za bandia. Niliuziwa Kariakoo pedi zilizobanduka kwenye bati lake, na muuzaji akakataa kuzipokea akisema boksi limeshafunguliwa.

Abiria wa Mbele: Boksi lilikuwa la rangi gani? Ninazo nyingine hapa, na sijazifunga bado.