MREJESHO: Mashine ya kukeneka maji iliyokuwa inajizima

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini mashine yangu ya kukeneka maji (inayachemsha, kisha inapoza mvuke uwe maji safi) hapa Kigamboni inajizima wakati tangi bado lina maji. Mlipatia: ni ukoko. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi na chokaa. Mvuke unapanda, vyote hivyo vinabaki chini. Ukoko uliling'ang'ania boya la usalama likashindwa kuelea, swichi ikaona maji yamekwisha, ikakata umeme.

Nimechomoa waya, nikaloweka siki usiku kucha, nikasugua. Boya linapanda vizuri.

Kuna fundi alitaka kuiruka hiyo swichi, aunge waya moja kwa moja. Nikakataa katakata. Nina watoto, na hita ikiwaka kavu inaungua. Asanteni sana.