Tupeane uzoefu: Wastaafu na kikao cha kila wiki kando ya ziwa

Mwanzisha mada, Kisumu
Habari za jioni, wadau. Tangu nistaafu ualimu nimejiunga na kikao cha wazee wa mtaa wetu, karibu na Dunga. Kila Jumamosi saa kumi jioni tunakutana chini ya mti, kila mtu na kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani. Chupa ya chai, njugu, mbao mbili za ajua, yaani bao letu la kete, basi.

Wengi walikuwa reli au bandarini. Mmoja alifanya kazi kwenye MV Uhuru, ile meli ya 1966 inayobeba mabehewa mazima ya treni. Ukitaka kete za ajua zilale, muulize mabehewa yalifungwaje ziwa likichafuka. Atasimama, ashike mgongo wa kiti kwa mikono miwili, ayumbe nacho mpaka chai ya jirani imwagike.

Sheria yetu ni moja: hakuna pesa. Hakuna mchango wala kadi ya harambee. Sasa kuna wanaotaka kila mtu atoe kitu kila wiki, na mimi roho inasita. Kwenu mnaendeshaje?

Mdau wa Mbita
Mwalimu, msithubutu! Sisi tulikuwa na chai ya Jumapili, tukaongeza shilingi 100 za msiba. Kufumba na kufumbua tuna mwenyekiti, mweka hazina na kitabu cha kumbukumbu. Halafu mweka hazina akaugua, pesa zikaishia kwenye matibabu yake. Nani angemdai mgonjwa? Hatukugombana hata siku moja. Watu walikuwa na udhuru tu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Siku hizi tunapungiana mikono kwenye feri ya Luanda K'Otieno kama abiria wasiojuana.

Mama wa Kihoto, Naivasha
Poleni, lakini nyinyi wanaume mnaisingizia pesa. Sisi ni wanawake tisa, wauguzi wawili na waliobaki walitoka mashamba ya maua. Siku yetu ni Jumatano. Maji ya ziwa yalipoingia Kihoto 2020 tulitawanyika, mmoja akaenda Gilgil kwa mwanawe, wengine wakapanga vyumba huko juu. Miezi mingi hatukuonana, na sababu kubwa ilikuwa nauli, ila nani angekiri?

Ndipo tukaleta kikapu. Kinazungushwa kimefunikwa leso, unaingiza mkono, ukiwa nacho unaacha, ukiwa huna unautoa hivyo hivyo na hakuna anayejua. Waliotoka mbali wanapewa nauli humo. Kikibakisha, tunanunua sukari jioni hiyo hiyo. Hakuna daftari, na pesa hailali kwa mtu. Iliyowaua wa Mbita ni ile iliyolala.

Mdau wa Mbita
Mama, hapo umenipata.

Kijana wa Usoma
Wazee wangu, samahanini, mimi sijastaafu, hata kazi yenyewe bado natafuta. Naongea kwa niaba ya baba. Yeye na wenzake hukaa pale mitumbwi inapovutwa. Gugumaji likiziba ufuko na wavuvi wakishindwa kutoka, mji mzima unalalamika samaki wa ngege amepanda bei, lakini wale wazee wanang'aa: vijana wa mitumbwi hawana pa kwenda, wanakaa kucheza nao ajua, na wanapigwa vibaya.

Mwaka jana baba alikosa Jumamosi mbili. Goti. Hakumwambia mtu. Ya tatu nikasikia tuktuk mlangoni, wameshuka wazee wanne na kiti chake alichokiacha ufukweni. Hawakuuliza habari za goti. Walikiweka kiti uani, wakapanga kete, wakamwita atoke nje. Nilichemsha chai mara tatu siku hiyo. Kuhusu pesa sina la kusema, sijawahi kuwaona nazo.

Mwanzisha mada, Kisumu
Asanteni. Jana niliwasomea wazee maneno ya Mama wa Kihoto, nikayarudia mara mbili kwa wale wenye masikio mazito. Kikapu kimekubaliwa, tunaanza Jumamosi ijayo. Yule wa meli ameweka sharti: asikizungushe mwalimu, maana walimu hawawezi kuona watu wamekaa pamoja wasiwaandike majina. Wamecheka sana. Mimi nilikuwa nimekalia daftari jipya la kurasa 96.