Mwanafunzi wangu anataka kupeleka "maji yana kumbukumbu" kwenye maonesho ya sayansi, nimshauri vipi?

Chaki Nyeupe
Wakuu, salaam. Nafundisha fizikia sekondari na ndiye mlezi wa klabu ya sayansi. Nina binti wa kidato cha tatu, kichwa kweli kweli. Katazama video mtandaoni, kaja na andiko kwamba maji hushika alama ya kitu kilichowahi kuyeyushwa humo hata kitu chenyewe kikiisha, na kwamba uhai ulianza hivyo: bahari ya kale ilinasa mawimbi ya radi, mawimbi yakachora DNA (molekuli inayobeba taarifa za urithi). Shahidi wake mkuu ni Luc Montagnier, aliyepata Nobel mwaka 2008 kwa ugunduzi wa virusi vya UKIMWI. Nilipomwambia fizikia haikubali hayo, akanijibu, "Hata Mpemba aliambiwa hivyo hivyo, mwalimu." (Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Tanzania aliyesema maziwa ya moto huganda kabla ya yaliyopoa.)
Nikimkatalia naogopa ataichukia sayansi. Nikimwachia, majaji watamwumiza. Naombeni ushauri.

Mzimuaji
Mwalimu, usimkatalie. Msimulie habari ya Jacques Benveniste mwanzo hadi mwisho, maana ndiyo chimbuko la hizo video.
Mwaka 1988 Mfaransa huyu alichapisha kwenye jarida la Nature kwamba kingamwili iliyozimuliwa hadi isibaki hata molekuli moja bado inaamsha chembe nyeupe za damu. Mpe binti hesabu aifanye mwenyewe: moli moja (kipimo cha wingi wa kitu katika kemia) ina molekuli 6.02 × 10²³. Zimua kwa mia (sehemu moja kwa sehemu 99 za maji), rudia mara 12, umezimua mara 10²⁴, zaidi ya idadi hiyo ya molekuli. Kilichobaki ni maji.
Mhariri John Maddox alikubali kuchapisha kwa sharti kwamba maabara ikaguliwe. Akaenda mwenyewe huko Clamart na Walter Stewart, mchunguzi wa ulaghai wa kisayansi, pamoja na James Randi, mwanamazingaombwe. Mwanzoni, wahesabuji wa chembe walipokuwa wanajua chupa ipi ni ipi, matokeo yalitoka mazuri. Ndipo chupa zikapewa namba za siri, na karatasi ya namba ikatiwa kwenye bahasha, ikafungwa kwa foili na kubandikwa darini ili mtu asiiguse. Bahasha ilipofunguliwa, tofauti haikuwepo.
Hakuna aliyelazimika kuthibitisha kuwa mtu kadanganya. Macho yanayojua jibu huhesabu vingine na yasiyojua.

Mtafiti Huru
Tusiwe wepesi kupinga. Sayansi yenyewe haijui uhai ulianzaje. Sheria ya pili ya thermodinamiki inasema vitu huelekea kwenye vurugu, sasa chembe hai ilijipangaje? Lazima kuna nguvu fulani isiyo vitabuni. Na Montagnier si mtu wa mtaani.

Dada wa Kemia
Mtafiti Huru, kaka yangu, hiyo sheria inahusu mfumo uliofungwa. Dunia haijafungwa, jua linaimwagia nishati kila siku. Jokofu lako linagandisha maji kwa sababu umeme unaingia na joto linatoka mgongoni, na sheria haijavunjwa.
Kuhusu Montagnier: makala yake ya 2009, iliyodai DNA huacha alama ya mawimbi kwenye maji, ilikubaliwa ndani ya siku chache katika jarida ambalo yeye mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa bodi ya uhariri. Alitumia PCR, kipimo kile kile cha wakati wa korona, ambacho hukuza hata chembechembe ya DNA iliyoingia kwa bahati mbaya. Na vifungo kati ya molekuli za maji huvunjika na kuungana upya ndani ya muda unaopimwa kwa sehemu za trilioni za sekunde. Alama itakaa wapi?
Ni kweli hatujui uhai ulianzaje, ila si kwamba tumekaa gizani. Mwaka 1953 Stanley Miller, pale Chicago, alichapisha jaribio la mvuke wa maji, methani, amonia na haidrojeni ndani ya chupa, akipitisha cheche za umeme. Akapata amino asidi, yaani vijenzi vya protini. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 nacho kilikutwa na amino asidi nyingi. Kwa hiyo binti yuko karibu na jambo la kweli, mwalimu. Radi ina nafasi yake, ila kazi yake ni kuvunja na kuunganisha molekuli.

Mtoto wa Lushoto
La Mpemba linanigusa, maana Magamba, alikosoma, ni kwetu. Mwaka 1963 aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu, yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa, ni kweli. Lakini hakuishia kulalamika kwamba anachekwa. Alirudia, akamuuliza Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu, mbele za watu, na Osborne akaagiza lipimwe Dar es Salaam. Wakachapisha pamoja mwaka 1969. Hata leo linabishaniwa: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo hayo. Mwambie binti Mpemba alileta kitu ambacho kila mwenye jokofu anaweza kukipima.

Chaki Nyeupe
Ahsanteni sana. Nimekaa naye leo, amekubali kupima. Anataka kuotesha choroko kwa "maji yenye kumbukumbu" ya mbolea na kwa maji ya kawaida. Nizingatie nini?

Mzimuaji
Choroko zitoke mfuko mmoja, pamba na visahani vifanane, vyote vikae dirisha moja. Maji ya kawaida nayo yatikiswe na kuzimuliwa kwa hatua zile zile, ila yaanze bila mbolea. Namba za chupa aandike mwanafunzi mwingine, karatasi uifungie ofisini. Kabla hajaanza aandike daftarini atapima nini (urefu wa mzizi, tuseme) na siku gani atapima, asibadilishe katikati. Visahani viwe vingi kila upande, maana mbegu moja kuchelewa ni kawaida. Bahasha ifunguliwe mbele ya klabu nzima. Itokee tofauti au isitokee, huo ndio mradi wa kupeleka.