Naomba ushauri: Dempster na gari-nyumba, tukiwa na watoto

Wakuu, habari zenu. Mimi, mke wangu na watoto wawili tunapanga kukodi gari-nyumba mwezi Julai, tuanzie Dawson Creek, Kanada, tufuate Alaska Highway kuelekea Whitehorse. Hiyo ni lami, na tutapumzika Liard River penye chemchemi za maji moto. Hapo sina wasiwasi.

Kinachoninyima usingizi ni Dempster, barabara ya changarawe inayopanda kaskazini. Mama watoto anatamani sana tupande hadi Inuvik, mji wa kaskazini kabisa inakoelekea barabara hiyo, na mimi pia natamani watoto waone jua lisilozama. Lakini ni zaidi ya kilomita 700 za changarawe, mito miwili ya kuvuka kwa pantoni, na ukishaingia, mafuta ni mpaka Eagle Plains, karibu kilomita 370. Mikataba mingi ya kukodi inakataza barabara za namna hiyo.

Mliowahi kupita na familia: tuliache gari-nyumba Dawson City, mji ulio karibu na mwanzo wa Dempster, tukodi gari dogo lililoinuka juu ya ardhi, tulale kwenye hema? Dubu wapo huko, na mdogo ana miaka minne. Matairi ya akiba mlibeba mangapi? Au Inuvik tuiache kabisa hadi watoto wakue?