Mtoto analia sikio usiku huu, nimtie mawese?

MamaDagaa_Kibirizi
Wandugu salaam. Mwanangu wa miaka 6 ana mafua tangu Jumatatu. Leo toka saa nne usiku kashika sikio la kulia, analia, hataki hata kulilalia. Joto lipo, si la kutisha. Mama mkwe keshapasha kijiko cha mawese na punje mbili za kitunguu saumu, anangoja nimshike mtoto kichwa. Roho inasita. Jirani naye kasema mafuta ya taa (huyo nimemnyamazia). Zahanati mpaka asubuhi. Nimtulize vipi hadi kukuche? Msiniambie "vumilia", nyie masikio yenu mazima.

Reli_Mwisho
Tia tu dada, sisi wa Mwanga hapa Kigoma tumekulia mafuta hayo na tunasikia mpaka leo.

NesiMstaafu_Gungu
Mwanangu, mwambie mama kwa heshima mawese hayo akaangie dagaa. Sikio la mafua linaumia kwa ndani: kimrija kinachotoka nyuma ya pua kimeziba, maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio, yanaisukuma. Mafuta yatabaki upande huu wa ngoma, hayakutani na ugonjwa. Na kama ngoma imeshapasuka, unayaingiza ndani kabisa. Halafu kesho mganga wa zahanati akimulika, anaona wekundu wa mawese tu.

Kaanga chumvi ya Uvinza kavukavu ipate moto, mimina kwenye soksi nene, funga fundo. Ibane kwanza mkononi mwako, ndani ya kiwiko, uhesabu taratibu mpaka 20. Ikikuchoma wewe, itamchoma yeye. Ikiwa ya kuvumilika, mwekee nje ya sikio dakika 10, asilale nayo. Kichwa kiinuke, mito miwili. Mpe uji vuguvugu kwa mafundo madogo, kule kumeza kunasaidia kufungua kimrija. Paracetamol ya maji ikiwepo ndani, mpe kwa kipimo cha uzito wake. Hiyo inashinda soksi yangu. Aspirini hapana.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, shingo kukakamaa, mdomo kwenda upande au mtoto analegea, usingoje kukuche. Ita bodaboda.

MamaDagaa_Kibirizi
Chumvi iko jikoni. Mama mkwe kanuna lakini ndiye anayekaanga.

Babu_Ujiji
Nesi yuko sawa, ila mafuta nayo yana siku yake: mdudu akiingia. Wavuvi wa dagaa wanajua, zile taa zinaita kila chenye mbawa. Mafuta vuguvugu yanamuua asiendelee kukwaruza, mradi sikio halina tundu wala usaha, kisha akatolewe na mganga. Msichokonoe! Yule mvumbuzi Mzungu Speke, mwaka 1858, alikuwa safarini humu Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, mbawakawa akamwingia sikioni usiku. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, wapi. Akachukua ncha ya kisu. Mdudu akafa, lakini sikio likatunga usaha, likawa karibu kiziwi kwa miezi mingi, na vipande vya mdudu vikatoka baada ya miezi sita au saba. Akipenga kamasi, sikio linapiga mluzi.

Reli_Mwisho
Mluzi! Nimefuta ushauri wangu.

MamaDagaa_Kibirizi
Nimerudi. Soksi tulibadilisha mara mbili, saa tisa akalala. Alfajiri nakuta mto umelowa usaha wa njano wenye damu kidogo, na yeye anaomba chapati, hana maumivu hata chembe. Nikadhani kapona, nusura nisiende. Zahanati wamemulika: ngoma imetoboka, ndiyo maana msukumo ulipungua. Kapewa dawa, nimeambiwa nimalizie zote hata akicheka. Wamenifundisha kusokota kitambaa safi cha pamba, kukausha sikio mara tatu kwa siku mpaka kiwe kinatoka kikavu. Ziwani marufuku mpaka waseme, na hapo ndipo alipolia upya.

Mama mkwe anawaambia majirani chumvi yake ndiyo iliyovuta usaha. Nimemwachia.